Kufunga vyambo vya manyoya hapa Dodoma: nani mwingine ameshikwa na hii hobi?

FundiKopa

Habari za jioni wakuu. Huu uzi ninao kichwani karibu miezi mitatu, kila nikitaka kuandika naona mtu ataniuliza Dodoma na uvuvi wapi na wapi, mji wenyewe maji tunayachimbia chini. Leo umeme umekatika karakana, nimefunga mapema, acha niandike tu.

Mimi nasuka mota. Pampu ya kisima ikiungua huko Bahi, Chamwino, Mpunguzi, wananiletea, natoa waya ulioungua nasuka upya. Sasa mwaka 2019 nikaitwa Mufindi kwenye shamba moja la chai, pampu imekufa, kifaa kinachotakiwa kinatoka Dar, nikakaa siku tatu nasubiri kwenye ule ukungu wao. Nyumba niliyofikia kulikuwa na mzee mstaafu, jioni anakaa barazani ana vaisi ndogo kaifunga kwenye ukingo wa meza, pembeni kopo la maziwa limejaa manyoya. Vaisi imebana ndoana, ndoana yenyewe urefu wake kama punje ya mpunga. Nikadhani anatengeneza hereni.

Akaniambia hiki ni chambo. Wazungu wanakiita nzi, unafunga manyoya, nywele au sufu kwenye ndoana mpaka samaki aone ni mdudu, na yeye anafunga kwa ajili ya trauti, samaki wa maji ya baridi, wa kwenye mabwawa ya kule juu. Nikasogeza kiti. Kilichonimaliza ni kwamba hakuwa anatumia uzi, alikuwa anatumia waya wa kopa! Mwembamba kabisa, ule wa kwenye koili. Nikamwambia mzee wangu, huo waya ni kazi yangu. Akacheka sana, akaniambia basi kaa hapa.

Ule mtindo alisema ni wa Mwingereza mmoja anaitwa Frank Sawyer, alikuwa mtunza mto, mto Avon kusini mwa Uingereza, maisha yake yote yuko pembeni ya maji anaangalia wadudu. Yeye ndiye aliyetoa uzi akaweka kopa, kwa sababu kopa inafanya kazi mbili kwa mpigo, inafunga manyoya na inakizamisha chambo chini walipo samaki, alafu inang'aa kidogo katikati ya unyoya kama mwili wa mdudu. Vitu viwili tu, waya na nyuzi za unyoya wa mkia. Kwao wanatumia ndege jamii ya kuku mwenye mkia mrefu, mzee wa Mufindi alitumia bata mzinga na kilitoka vizuri tu.

Mota nikishaisuka nimeweka mamia ya mizunguko mle ndani, nimepaka vanishi, nimefunga mfuniko, inashushwa mita mia chini ya ardhi na hakuna binadamu ataiona tena. Nikifanya vizuri hakuna anayesema kitu, maji yanatoka basi. Miaka kumi na sita nafanya kazi ambayo haionekani. Sasa siku ile nimeshika kile chambo kwenye ncha ya kidole, kazi nzima iko pale naiona yote, mkia, mwili, mgongo, kichwa, mizunguko nimeihesabu mwenyewe, na imekaa. Sijui niielezeje ile hali. Nilikiweka kwenye kiberiti nikarudi nacho Dodoma, mpaka leo kipo.

Nataka kujua kama kuna wengine humu. Na ambao hamjui niulizeni, nitajibu kila mtu.

Mwana Hombolo

Mkuu heshima yako, umeandika vizuri ila mimi nimezaliwa Hombolo, nimevua pale tangu nasoma la tatu, na nakwambia perege wetu hana habari na manyoya. Nyungunyungu, au ugali uliokandwa na pumba, dakika tano umetoa. Hiyo ya manyoya ni ya samaki wa baridi huko Mufindi. Sikupingi kwa ubaya, nataka kujua kama umewahi kumtoa hata mmoja.

FundiKopa

Nimewatoa mkuu, na pale pale Hombolo. Ila upo sahihi kwa nusu, mwaka wa kwanza mzima sikupata kitu. Nilikuwa navuta chambo haraka kama navua kwa kijiko cha kung'aa. Perege sio wa kukimbiza kitu, yule anakula majani ya majini, ule ukijani wa kwenye mawe, na vidudu vidogo vinavyojiendea polepole. Nilipoanza kuacha chambo kizame alafu navuta sentimita mbili tatu nasimama, ndio wakaanza. Na anavyokula huwezi kusikia kwenye mkono, unaangalia mshipi tu, ukiona umesita pale unapoingia kwenye maji unainua.

Na ukubwa mkuu. Mdomo wa perege ni mdogo. Mimi natumia namba 12 na 14, na kwa wageni, kwenye hizi ndoana namba ikipanda ndoana inapungua, 14 ni ndogo kuliko 10. Wengi wananunua kubwa wakidhani watapata samaki mkubwa.

Nyungunyungu atakupa samaki wengi kuliko mimi, hilo nakubali mchana kweupe. Ila yule samaki niliyempata mara ya kwanza kwa kitu nilichokifunga kwa mikono yangu, sio mkubwa, kiganja tu, mke wangu alimkaanga tukala wanne na mimi nikala mkia, yule samaki namkumbuka kuliko kila kitu nilichofanya mwaka ule. Samaki hajui mimi fundi wa nani, hajui nimesoma mpaka wapi, ameangalia kazi yangu akaamua ni mdudu.

Dada wa Rasta

Jamani nimepita tu nikakuta mada nzuri hivi 😊 Mimi nasuka nywele hapa Majengo, kaka FundiKopa umesema mnafunga nywele, ni nywele gani? Maana mimi kwangu vipande vya rasta nafagia kila siku mfuko mzima naenda kutupa, rangi zote, na zile za kung'aa.

FundiKopa

Dada yangu usitupe!! Tafadhali. Hizo rasta ndio kabisa. Kuna aina ya chambo ambayo haiigi mdudu, inaiga samaki mdogo, kadagaa. Kuna Mmarekani wa Pennsylvania anaitwa Bob Clouser alitoa mtindo wake miaka ya 1980, unafunga macho mawili mazito karibu na kichwa cha ndoana, alafu nywele nyeupe chini na za rangi juu. Yale macho yakiwa mazito chambo kinageuka ncha ya ndoana inaangalia juu, kwahiyo hakinasi kwenye magogo, na ukivuta kinaruka, ukiacha kinainamisha kichwa kinazama, kama samaki aliyeumia. Wenyewe wanatumia nywele za mkia wa swala wao, mimi natumia za mkia wa mbuzi, ila rasta ni nyepesi, haishiki maji sana, haiozi, na ikiwa ndefu inacheza majini vizuri mno. Macho nakata ile cheni ya vishanga vya chuma ya kwenye funguo, vipande viwili viwili.

Ushauri tu, rasta usiifunge nyingi. Watu wote tukianza tunaweka rundo. Chukua nyuzi kama unazochukua kwa msuko mwembamba kabisa wa mtoto mdogo, alafu toa nusu.

Dada wa Rasta

Hapo kwenye kutoa nusu umenigusa, hata sisi kwenye kusuka anayeanza anashika nywele nyingi, mkono haujajua uzito. Na uzi ukiukaza sana unaumia, ukilegeza inafumuka wiki haijaisha. Naona ni mambo yale yale. Nitakutunzia mfuko, ila unifundishe na mimi, nina vidole vya kazi hiyo.

Kuchi wa Iramba

Wadau salaam kutoka Singida. Mimi nafuga kuku, sijawahi kuvua maishani, ila umenifanya nisome mpaka mwisho kwa sababu ya hayo manyoya. Unatumia ya kuku gani na sehemu gani? Huku jogoo akichinjwa manyoya yanaenda jalalani.

FundiKopa

Mkuu wewe ndio mtu nilikuwa nakutafuta. Ngoja niandike kwa urefu maana hapa ndipo utamu ulipo.

Kuna kitu kinaitwa kola, ni ule unyoya unauzungusha nyuma ya kichwa cha ndoana, zile nyuzi zake zinasimama pande zote kama miguu ya mdudu. Kwa chambo cha kuelea juu ya maji hizo nyuzi ndizo zinazokibeba, kwahiyo lazima ziwe ngumu, zinazorudi ukizipinda. Manyoya hayo yako sehemu moja, shingoni kwa jogoo, na jogoo mzima sio kijana. Chukua unyoya mmoja wa shingo uangalie kwenye mwanga, katikati kuna sehemu ya vumbi vumbi laini kama pamba, pembeni ziko safi zinang'aa. Ile laini inanyonya maji. Jogoo mzuri ana laini kidogo na safi ndefu. Mtetea manyoya yake ni laini yote, hayafai kuelea, ila yanafaa sana kwa chambo cha kuzama maana yanahema kwenye maji kama kitu hai. Hakuna kinachotupwa.

Kipimo chake, pinda unyoya kwenye ndoana uone zile nyuzi zimefika wapi, ziwe kama mara moja na nusu ya upana wa mdomo wa ndoana, zisizidi mara mbili. Na hapa ndipo kuku wetu wanapopungukiwa, wengi nyuzi ni ndefu, zinakaa sawa kwenye ndoana kubwa tu, kupata ya namba 14 natafuta shingo nzima napata manyoya sita saba kule juu karibu na kichwa. Colorado kule Marekani kuna wafugaji wanafuga majogoo kwa ajili ya hayo manyoya tu, wamechagua mbegu miaka na miaka mpaka unyoya mmoja ni mrefu mwembamba unafunga vyambo kadhaa.

Kishingo usiniletee, yule hana kitu shingoni 😀 ila mgongoni karibu na mkia anayo mazuri.

Kuchi wa Iramba

Basi nikuongezee na mimi la kwangu. Kuchi manyoya yake ni mafupi yamebana mwilini, magumu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Jogoo wa kawaida wa kienyeji manyoya ni mapana yamelegea. Kwa maelezo yako nadhani kuchi mwenye mwaka mmoja na nusu kwenda juu ndio unamtaka. Ila usichukue wakati anapukutisha, utakuta manyoya machanga yana damu kwenye kikonyo, yakikauka yananyauka. Subiri amalize, yote yakomae. Na rangi, kuna wale wa kijivu, wa mchanganyiko mweusi na mweupe, wa kahawia kama kutu, unataka ipi?

FundiKopa

Zote mkuu! Ila ya kutu na ile ya mistari mistari nyeusi na nyeupe ndio natumia zaidi. Hilo la kikonyo chenye damu sikuwahi kujua, kuna shingo nzima iliniharibikia nikadhani ni wadudu, kumbe nilimchukua kuku hajamaliza.

Na ukinitunzia, ngozi ya shingo ivuliwe na manyoya yake, ipakwe chumvi upande wa ndani, ikaukie kivulini sio juani maana rangi inapauka. Mimi nikiipata naiosha kwa sabuni ya kawaida, naikausha, naiweka friza siku kadhaa, alafu kwenye kopo na naftalini. Nondo akiingia kwenye kopo la manyoya umepoteza mwaka.

Hesabu Kwanza

Mkuu nimesoma yote, nakuheshimu, ila niulize swali ambalo wengi wanalo. Mtu una familia, una karakana, masaa yote hayo unafunga manyoya, hela iko wapi? Sikukejeli, nauliza kwa nia njema, maisha ya sasa kila kitu lazima kilete kitu mezani.

FundiKopa

Swali halali kabisa na nyumbani liliulizwa pia.

Hela ipo, ila sio kwangu. Hapo Kenya kuna karakana zinafunga hivi vyambo kwa ajili ya kuuza Ulaya na Marekani, ni kazi ya miaka mingi kule, watu wanakaa meza kwa meza wanafunga kwa madazeni, na wengi ni kina mama. Trauti wenyewe waliletwa kule kwenye mito ya Aberdare mwaka 1905. Kwahiyo hiyo ni ajira kamili, na mtu wa huku akitaka kuifanya biashara hajapotea.

Ila mimi nimejaribu kujiuliza kwa ukweli, ningepewa oda ya madazeni mia ningefurahi? Ningefunga, ndio. Ila ingekuwa mota nyingine. Hesabu za dakika, mteja anapiga simu. Nikikaa saa tatu usiku baada ya watoto kulala, taa ya meza, redio chini chini, nafunga viwili au vitatu, kimoja kikiharibika nakata kwa wembe naanza upya na hakuna aliyepoteza kitu. Kwenye kazi yangu kosa la mzunguko mmoja ni mota ya mtu imeungua na kijiji kimekosa maji. Kaka, kuwa na meza moja duniani ambapo ukikosea unakata tu unaanza tena, hiyo kwangu imeleta kitu mezani. Nilikuwa nalala vibaya. Mke wangu ndiye aliyesema, sio mimi, kwamba siku hizi sisagi meno usiku.

Gharama ni ndogo. Vaisi niliitengeneza mwenyewe kwa koleti ya drili kuukuu na kipande cha nondo. Waya wa pampu ni mnene, kwahiyo natumia wa feni mbovu na transfoma za redio. Uzi ni wa cherehani ule mwembamba kabisa, kishikio cha bobini nimekunja spoku ya baiskeli. Kumalizia fundo natia rangi ya kucha isiyo na rangi. Kitu pekee cha kununua kwa hela ya maana ni ndoana, na hapo usibane, nunua nzuri.

Hesabu Kwanza

Nimekuelewa mkuu. Hapo kwenye kulala sina la kuongeza, na mimi ni wale wale. Asante.

Mwalimu wa Kondoa

Ndugu FundiKopa, hongera kwa uzi wenye shule ndani yake. Mimi nafundisha baiolojia sekondari. Nina mambo mawili.

La kwanza, jambo hili ni la kale mno. Kuna mwandishi wa Roma, Aelianus, kama miaka 1800 iliyopita aliandika kuhusu wavuvi wa Makedonia ambao walizungushia sufu nyekundu kwenye ndoana na kuongeza manyoya mawili ya jogoo yenye rangi ya nta. Sufu na jogoo, vile vile ulivyo navyo wewe. Walifanya hivyo kwa sababu mdudu halisi waliyekuwa wanamlenga, ukimshika kwa mkono anaharibika rangi na mabawa, hafai tena kuwa chambo, ndipo wakaamua kumtengeneza.

La pili ni swali. Unaiga wadudu gani wa hapa kwetu? Maana mitindo ya Uingereza ni ya wadudu wa mito ya baridi. Bwawa la Hombolo au la Mtera lina wadudu wake. Kereng'ende kwa mfano, watu wanamwona akiruka juu ya maji, hawajui kwamba sehemu kubwa ya maisha yake anakaa chini ya maji akiwa lava asiye na mabawa, mnene, rangi ya tope, anawinda. Samaki wanamjua kuliko sisi.

FundiKopa

Mwalimu shikamoo. Umeingia penyewe.

Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nafunga picha za kwenye intaneti, vyambo vizuri sana vya wadudu ambao hapa hawapo. Binti yangu ndiye aliyenibadilisha, alikuwa na miaka tisa. Tumeenda Hombolo akachukua chujio la chai la mama yake akaanza kuchota kwenye majani ya ukingoni. Akamwaga kwenye sahani nyeupe. Wakuu, sahani ilikuwa inatembea! Vijidudu vyembamba vyekundu, viluwiluwi vya mbu, na huyo wako mwalimu, lava wa kereng'ende, ana macho makubwa na tumbo kama la mtu aliyeshiba. Tukakaa chini pale tumesahau kuvua. Nilirudi na wawili kwenye chupa nikawaweka mezani nikafunga nikiwaangalia. Mwili nilifanya kwa sufu niliyoifumua kwenye sweta la zamani la kijani lililopauka, nikachanganya na manyoya ya chini ya sungura, miguu ni unyoya wa kanga wale wa kufugwa, wenye madoa. Macho shanga mbili nyeusi. Kile chambo ni kibaya ukikiangalia, kimevimba, hakina urembo wowote, na ndicho kinachonipa samaki kuliko vyote, hadi kambale, jioni giza likianza.

Tangu hapo natembea nimeinamisha macho. Panzi, mende wa majini, kila kitu nakipima kwa ndoana. Mji huu nimeishi tangu 2008 nikiuona ni vumbi na upepo, kumbe sikuwa nimeangalia.

Mzee wa Mtera

Vijana nimewasoma. Naongeza ya usalama. Mtera kuna mamba na viboko, msimwone mtu kasimama majini mkadhani ni salama, vueni mkiwa juu ya mwamba na msikae sehemu moja jioni. Na kabla ya kutupa ndoana muulizeni afisa uvuvi wa eneo husika kuhusu leseni na taratibu, hata kama ni ndoana moja. Manyoya pia, tumieni ya kufugwa. Ndege wa porini wana sheria yao, usichinje kanga pori kwa ajili ya chambo.

Kingine, nilisikia mtu anaweka risasi ya kuchomelea redio ili kuongeza uzito. Wacheni. Watoto wanashika wanaweka mdomoni.

FundiKopa

Shikamoo mzee, asante sana. Hiyo risasi nilikuwa natumia mwanzoni, ni kweli, nimeacha, kopa inatosha. Ukitaka uzito zaidi zungusha tabaka mbili.

Mwana Hombolo

FundiKopa nimerudi. Nimekuwa nafikiria huo uzi wako siku mbili. Swali, hicho chambo hakina uzito wowote, unakirushaje? Mimi nina fimbo ya mwanzi na mshipi tu, sina hizo mashine.

FundiKopa

Mkuu una kila kitu tayari. Wenye mashine wanarusha kwa uzito wa mshipi wenyewe, mshipi wao ni mnene, chambo kinafuata tu nyuma. Ila Wajapani wana uvuvi wao wa zamani unaitwa tenkara, fimbo ndefu, mshipi umefungwa kwenye ncha, chambo, basi, hakuna rili. Ndio fimbo yako hiyo hiyo! Chukua mwanzi mwepesi, mimi wangu umetoka Iringa, mshipi uwe urefu wa fimbo au zaidi kidogo, sehemu ya juu suka mshipi mara tatu au nne uwe mzito, ya chini iwe moja nyembamba. Unarusha kwa kiwiko bila nguvu, fimbo inapinda inafanya kazi yenyewe.

Na subiri mvua za kwanza. Hili nilikuwa nimeliweka la mwisho. Mwaka juzi Desemba, mvua imenyesha usiku, asubuhi na mapema nipo Hombolo, kumbikumbi wametoka wengi mpaka unapiga mkono mbele ya uso. Upepo ukawapeleka bwawani. Maji yakaanza kuchemka, yaani vidomo vidogo kila mahali, wale perege unaosema hawana habari wanakula juu juu kama kuku waliomwagiwa mtama! Nilikuwa na vyambo vyangu vyote vya kuzama. Hakuna kilichoguswa hata kimoja. Nimesimama pale naangalia nusu saa, nimejaa furaha na uchungu kwa pamoja.

Nilirudi nyumbani sikuenda kazini, nikaokota kumbikumbi mlangoni nikawaweka mezani. Mwili kahawia, umegawanyika sehemu, mabawa marefu kuliko mwili yamelala mgongoni. Nilijaribu siku nne. Mabawa kwa unyoya yanajipinda chambo kinazunguka kama pangaboi na mshipi unasokoteka. Mwisho nikachukua mfuko mweupe wa plastiki ule laini wa vifungashio nikakata umbo la bawa, nikafunga mawili, mwili sufu ya kahawia niliyoipitisha kwenye nta ya mshumaa, na mbele kola moja ya jogoo wa kutu mizunguko mitatu tu, chini nimeikata ikae bapa juu ya maji. Nikajaribu kwenye beseni, kikakaa. Mabawa yamelala vile vile kama wenyewe wanavyolala wakidondoka majini. Niliita watu wote nyumbani waje waone beseni.

Ila walipotoka tena sikuwepo, nilikuwa Manyoni kwenye pampu. Kwahiyo hivyo vyambo, vipo kumi na moja, viko kwenye kopo havijawahi kugusa maji ya bwawa. Nasubiri mwaka huu.

Mwana Hombolo

Aisee. Hiyo ya maji kuchemka naijua tangu utoto, sisi tulikuwa tunaita perege wamelewa. Hatukuwahi kuwavua siku hizo, nyungunyungu hawamtaki kabisa siku ya kumbikumbi, ni kweli kabisa, sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mvua ikinyesha kwetu usiku nitaandika humu humu alfajiri, wewe uwe tayari. Kutoka mjini ni kama kilomita 40, saa moja umefika. Ila uniletee viwili.

FundiKopa

Nitakuletea vinne. Na ukitaka, njoo kabla ya hapo ufunge cha kwako mwenyewe, utakuwa na mwezi mzima wa kujifunza.

Kuchi wa Iramba

Jumamosi nashusha kuku mnada wa Msalato. Nina kuchi wawili wa rangi ya kutu, mmoja ana miaka miwili, shingo inang'aa. Siuzi kwa manyoya, nauza kuku mzima, ila wewe nitakushikia mpaka saa nne.

Dada wa Rasta

Na mimi Jumamosi asubuhi nina nafasi mpaka saa tano. Mfuko wa rasta upo, nimetenga nyeupe, za dhahabu na ile ya kijani ya kung'aa.

FundiKopa

Nakuja upande wa kuku saa tatu, nitakuwa na vaisi kwenye begi na ndoana namba 6 za kujifunzia, kubwa zinaonekana vizuri. Dada kuja na mkasi wako ule mdogo wenye ncha kali.